Kuondoa Programu Tusizozitaka katika Kompyuta ya Nyumbani

Wanachama wengi siku hizi wana kompyuta majumbani mwao. Wako walionunua wenyewe mjini, na wako walioletewa na watoto wao wanaofanya kazi Dar es Salaam au Maskati. Mashine hizi zimeingia katika kazi zetu za shamba pole pole, mpaka hii leo kwa wengi wetu ndizo daftari. Ndani yake mna hesabu za wachumaji pishi kwa pishi, mna uzito wa karafuu kavu zilizopelekwa kituoni na fedha zilizopokelewa, mna picha za hati za shamba, na mna picha za arusi na za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Kwa hivyo kompyuta ikianza kwenda vibaya, kilicho hatarini si mashine tu.

Tumeulizwa na wanachama kadha wa kadha juu ya jambo moja linalowasumbua. Kompyuta imekuwa nzito, na ukiiwasha yachukua muda mrefu kabla ya kuwa tayari. Matangazo yatokea kwenye kioo bila ya kuitwa. Ukurasa wa kwanza wa intaneti umebadilika wenyewe, na katika orodha ya programu mna majina ambayo hapana mtu nyumbani akumbukaye kuyaweka. Wanauliza, tuyaondoe vipi? Swali hili ni zuri, na jibu lake si gumu, lakini lina utaratibu wake. Katika khabari zilizotufikia, twaona ya kuwa hasara kubwa mara nyingi haikuletwa na programu mbaya yenyewe. Ililetwa na mkono uliokuwa na haraka ya kuiondoa.

Mwanachama mmoja alikuwa ameweka hesabu zote za wachumaji wake katika flashi. Siku moja aliichomeka katika kompyuta ya dukani ili achapishiwe karatasi, akaona folda zote zimegeuka kuwa vialama vya njia ya mkato, na kila akibonyeza hapana kinachofunguka. Kijana wa pale akamwambia, “Hii ina virusi, mzee, lazima isafishwe.” Akaifuta yote kwa mara moja. Virusi vikaondoka, na hesabu za wiki tatu zikaondoka navyo. Wachumaji walipokuja kutaka ujira wao, ikawa ni kauli ya huyu na kauli ya yule, na mzee wetu akalipa kwa kukisia ili kuepuka maneno. Linalosikitisha ni ya kuwa zile folda zilikuwamo muda wote. Virusi vya namna ile kwa kawaida havifuti kitu. Huyaficha mafaili ya mwenyewe, kisha huweka mahali pake vialama vya uwongo vyenye majina yale yale, ili mtu akibonyeza awe ameviwasha virusi kwa mkono wake. Flashi ile ilitaka kukaguliwa kwa antivirusi kwanza, kisha mafaili yafichuliwe, na fundi ajuaye huyafichua kwa amri moja fupi.

Basi tuanze na hilo. Kabla ya kugusa programu yoyote, mafaili yako yawe na nakala mahali pengine. Chukua flashi au diski ya nje, unakili humo nyaraka, hesabu na picha. Usinakili programu, nakili mafaili yako tu. Ukimaliza, ichomoe flashi hiyo na kuiweka kando, maana ikibaki imechomekwa, litakaloipata kompyuta laweza kuipata na flashi. Kisha ipeleke katika kompyuta nyingine ambayo ni salama, uyafungue mafaili mawili matatu uone kama yafunguka kweli. Wengi hunakili, lakini wachache hufungua na kutazama. Na ikiwa hesabu zako umeziweka ndani ya programu maalumu ya hesabu, na si katika faili la kawaida, toa humo nakala ya hesabu hizo, au zichapishe katika karatasi, kabla hujaiondoa programu ile. Nyaraka za kawaida hubaki hata programu iliyoziandika ikiondolewa, lakini hesabu zilizowekwa tumboni mwa programu huweza kwenda nayo.

Kompyuta zenye Windows zina hifadhi nyingine iitwayo “restore point”, yaani alama ya mahali pa kurejea. Andika maneno “Create a restore point” katika kisanduku cha kutafutia, nayo itakufungulia dirisha la kuwekea alama hiyo. Ukiona mahali pameandikwa ya kuwa ulinzi umezimwa, uwashe kwanza. Baadaye mambo yakiharibika, waweza kuirudisha Windows katika hali iliyokuwa nayo siku ile. Lakini fahamu vyema ya kuwa alama hii hurudisha mipangilio na programu, wala hairudishi picha wala barua uliyoifuta. Hivyo haisimami badala ya nakala tuliyoitaja.

Sasa twende kwenye orodha. Katika Windows 11, fungua “Settings”, kisha “Apps”, kisha “Installed apps”. Katika Windows 10 sehemu hiyo huitwa “Apps & features”. (Kwa wale walio na Windows 10, wajue ya kuwa Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kufanya kazi, lakini ile isiyopata tena marekebisho ya usalama ni nyumba isiyokarabatiwa milango.) Orodha ikifunguka, ipange kwa tarehe ya kuwekwa badala ya kuipanga kwa alifubeti. Jambo hili dogo lina faida kubwa kuliko yote tutakayoyasema. Ikiwa matangazo yalianza juma la pili la mwezi, tazama ni programu zipi ziliingia juma lile. Mara nyingi utaziona mbili au tatu zimeingia siku moja, kwa saa moja.

Zimeingiaje? Nyingi huingia zikiwa zimepanda mgongo wa nyingine. Mtu hutafuta katika intaneti programu ya bure ya kugeuza video au ya kufungulia nyaraka, akaiona, akabonyeza “Next”, “Next”, “Next” bila ya kusoma. Katika mojawapo ya kurasa hizo mlikuwa na visanduku vidogo vilivyokwisha tiwa tiki, vinavyosema ya kuwa mtu huyu akubali kuwekewa na hiki na kile. Kwa sheria ya programu ile, amekubali. Nyingine huja na kompyuta tangu dukani, khasa antivirusi za majaribio ambazo baada ya mwezi au zaidi huanza kudai fedha. Na nyingine, ambazo ndizo mbaya zaidi, huja na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kuuzwa katika flashi kwa bei ya soda. Aliyeivunja kufuli hakufanya kazi hiyo kwa ajili ya thawabu.

Hapa pana hatari ya kuondoa kilicho chema. Katika orodha utaona majina kama “Microsoft Visual C++ Redistributable”, pengine mara sita au saba, kila moja na mwaka wake. Mtu huona yamekaririwa akadhani ni takataka. Siyo. Hizo ni sehemu ambazo programu nyingine huziegemea, na ukiiondoa ya mwaka fulani, huenda programu yako ya hesabu ikakataa kufunguka kesho. Hali kadhalika majina ya Intel, AMD na Realtek, ambayo aghalabu ni programu za kuendeshea sauti, kioo na intaneti. Ikiwa jina hulijui, liache, uliandike katika karatasi, ulitafutie khabari kwanza.

Yafaa tukumbushe kisa cha mwaka 2002, maana mfano wake twauona mpaka leo katika simu zetu. Mwaka ule ilienea duniani barua ya intaneti iliyosema ya kuwa katika kompyuta mna virusi vilivyojificha katika faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ndogo ya dubu, na ya kuwa antivirusi haziwezi kuviona. Mpokeaji aliambiwa alitafute faili hilo, alifute, kisha awapelekee khabari rafiki zake wote. Watu walilitafuta, wakamwona dubu pale pale alipotajwa, wakasadiki, wakalifuta. Faili lile lilikuwa ni la Windows yenyewe, limewekwa na Microsoft, wala halikuwa na ubaya wowote. Mwaka uliotangulia, 2001, ilikuwa imeenea barua kama hiyo juu ya faili jingine la Windows, sulfnbk.exe. Katika visa vyote viwili hapana virusi vilivyoingia, na kazi yote ya uharibifu ilifanywa na wenye kompyuta kwa mikono yao, kwa nia njema, kisha wakawafundisha na jirani zao. Basi ukipokea ujumbe katika simu ukikwambia ufute faili fulani upesi na uwaarifu watu kumi, usifute na usiarifu.

Tukirudi katika kazi yetu, programu huondolewa kwa mlango wake. Kukifuta kialama chake kwenye kioo hakuiondoi, kama vile kung’oa kibao cha duka hakuondoi duka. Wala kuifuta folda yake hakufai, kwani programu ilipoingia ilitawanya vipande vyake mahali pengi, na ukifuta folda moja vipande vingine hubaki bila ya njia ya kuviondoa. Katika ile orodha tuliyoifungua, bonyeza vitone vitatu mkabala na jina la programu, kisha “Uninstall”. Windows itaiita programu yenyewe ijiondoe, na hapo huenda dirisha likafunguka lenye maswali.

Soma maswali hayo kwa makini, kwani baadhi ya programu hizi haziondoki bila ya hila. Utaona kitufe kikubwa chenye rangi nzuri kinachosema “baki nayo”, na maneno madogo ya kijivu chini yake yanayosema “endelea kuondoa”. Au utaulizwa kama hutaki kuondoa, na ukijibu “ndiyo” kwa haraka umekubali ibaki. Nyingine, zikiwa zinaondoka, hutaka kukuwekea nyingine badala yake. Usiwe na haraka. Ondoa moja, zima kompyuta na uiwashe tena, itumie kidogo uone kama kila kitu chafanya kazi, ndipo uondoe ya pili. Mtu aondoaye programu kumi kwa dakika tano, ikitokea printa haifanyi kazi hajui ni ipi kati ya kumi iliyomharibia.

Kwa wenye kompyuta za Apple, programu nyingi huondolewa kwa kuzitoa katika folda ya “Applications” na kuzitupa katika pipa la taka. Zile zilizokuja na chombo chao cha kujiondolea ziondolewe kwa chombo hicho. Mengine tuliyoyasema juu ya nakala na tahadhari yawahusu sawa sawa.

Ama antivirusi, hizo zina jambo lao. Haifai kuweka mbili pamoja katika kompyuta moja, kwani kila moja huiona nyenzake kama adui, na mashine huenda kwa kujikokota. Ikiwa ile ya majaribio imekwisha muda wake na huna nia ya kuilipia, iondoe kwa mlango wake, na ikigoma, kampuni nyingi za antivirusi hutoa katika tovuti yao wenyewe programu ndogo ya kuiondolea. Ukikwisha, fungua “Windows Security” uthibitishe ya kuwa mlinzi wa Windows mwenyewe, aitwaye Microsoft Defender, ameamka. Kwa kawaida huamka mwenyewe akiona zamu haina mtu, lakini kutazama hakugharimu kitu.

Mara nyingine mtu huondoa kila kitu katika orodha, na matangazo yakaendelea. Hapo huenda ugonjwa hauko katika Windows bali katika kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome au Edge au Firefox. Ndani yake huwekwa viongezo vidogo ambavyo havionekani katika orodha ile ya kwanza. Fungua menyu ya kivinjari, tafuta “Extensions”, na uondoe usichokijua. Tena tazama sehemu ya “Notifications”. Wengi waliotulalamikia virusi hawakuwa na virusi kabisa. Siku moja walifungua tovuti ya mpira au ya sinema, ikawauliza kama wakubali kuletewa taarifa, wakabonyeza “Allow” ili iwapishe. Tangu siku hiyo tovuti ile ikapata ruhusa ya kuwatupia maneno pembeni mwa kioo, “Kompyuta yako ina virusi vitano”, usiku na mchana. Dawa yake ni kuifuta ruhusa hiyo, kazi ya dakika moja.

Sasa tufike kwenye mizizi. Mkulima akiona kirukia juu ya mti wake hapunguzi majani tu, kwani ajua kitachipua tena; wala halikati tawi zima ovyo akaujeruhi mti. Katika khabari za kompyuta kuna visa viwili vya kweli vinavyoonyesha pande zote mbili za jambo hili.

Cha kwanza ni cha mwaka 2005. Kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza sahani za muziki ambazo, zikitiwa katika kompyuta, ziliweka humo kwa siri programu ya kuzuia watu wasinakili nyimbo. Programu ile ilijificha, na ilificha kila faili lenye jina linaloanza kwa $sys$, hata antivirusi zisilione. Tarehe 31 Oktoba mwaka ule mtaalamu Mark Russinovich aliitangaza hadharani baada ya kuikuta katika kompyuta yake mwenyewe. Alipoyafuta mafaili yake kwa mkono, kiendeshi cha sahani kikatoweka katika kompyuta, kwani programu ile ilikuwa imejifunga katika njia ya kiendeshi chenyewe. Ikambidi atumie ujuzi wake wote kukirejesha. Kampuni ikatoa chombo cha kuiondolea, nacho kikagunduliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton ya kuwa kinaacha tundu ambalo tovuti yoyote mbaya ingeweza kuingilia. Mwezi wa Novemba kampuni ilizirudisha sahani zile kutoka madukani. Hapo utaona aliyekata kwa nguvu aliudhuru mti, na dawa ya kwanza aliyoileta mwenye kosa ilikuwa na sumu yake.

Cha pili ni cha Lenovo. Baadhi ya kompyuta zake za mkononi zilizouzwa tangu Septemba 2014 hata mwanzo wa 2015 zilikuwa na programu iitwayo Superfish, ambayo kazi yake ilikuwa kutia matangazo katika kurasa za intaneti. Ili iweze kutia matangazo hata katika kurasa zilizofungwa kwa usalama, kama zile za benki, iliweka ndani ya Windows cheti chake yenyewe cha kuaminiwa, na ufunguo wa cheti hicho ulikuwa ni mmoja kwa kompyuta zote. Februari 2015 mtaalamu mmoja alilipata neno la siri la ufunguo ule, na maana yake ni ya kuwa mjuzi yeyote angeweza kujifanya benki mbele ya mwenye kompyuta hiyo. Watu wakaiondoa Superfish kwa “Uninstall”, kama tulivyoeleza, wakaona jina limetoka katika orodha, wakapumua. Cheti kikabaki, na mlango ukawa wazi vile vile. Ilibidi Microsoft imfundishe Defender kuviondoa vyote viwili, programu na cheti chake, na Lenovo nayo ikatoa chombo cha kufanya hivyo.

Kwa sababu hiyo, baada ya kuondoa programu unayoishuku, usiamini orodha peke yake. Mwache mlinzi wa Windows aikague kompyuta, na bora ukaguzi ule ufanyike wakati Windows yenyewe imelala, ili kilichojificha kisiwe macho. Fungua “Windows Security”, kisha “Virus & threat protection”, kisha “Scan options”, uchague ule wenye neno “offline”. Hifadhi kwanza kazi yoyote uliyoifungua. Kompyuta itajizima, itawaka katika kioo cha namna nyingine, na itajikagua kwa kadiri ya robo saa. Usiizime katikati, na usianze kazi hii ikiwa umeme una mashaka na betri imechoka.

Wako watakaokwambia ya kuwa hapana haja ya taabu yote hii, weka tu programu ya kusafishia, nayo itafanya kila kitu. Twasema tahadhari. Agosti 2017 toleo moja la CCleaner, programu ya kusafishia iliyojulikana duniani kote, lilitoka kiwandani likiwa limetiwa programu ya wezi ndani yake, bila ya waliolitengeneza kujua. Kompyuta zaidi ya milioni 2 zililipokea kabla ya jambo hilo kugunduliwa Septemba. Lile lilikuwa jina la kuaminika. Sembuse hizi zinazojitangaza zenyewe katika kona za tovuti? Na zile zinazojisifu kusafisha rejista ya Windows, yaani daftari la ndani ambamo Windows huandika mipangilio yake yote, ziache kabisa. Faida yake haionekani, na mstari mmoja ukifutwa kwa makosa huenda kompyuta isiwake.

Ikitokea kioo kizima kimejaa onyo lenye kelele na namba ya simu ya kupiga, usipige. Hapana kampuni ya kweli iwekayo namba yake katika onyo la namna hiyo. Bonyeza Alt pamoja na F4 kulifunga dirisha hilo, na likikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukifunge kivinjari kutoka katika orodha itakayotokea. Mtu akipiga namba ile, aliye upande wa pili atamwomba aweke programu ya kumruhusu kuitawala kompyuta kutoka mbali, na baada ya hapo neno “kuondoa” huwa na maana nyingine.

Kuna wakati ambapo kung’oa moja moja hakutoshi. Ikiwa programu yarudi kila ukiiondoa, ikiwa antivirusi haikubali kufunguka, au ikiwa neno la siri la barua au la benki limekwisha tumiwa na mtu mwingine, ni afadhali kuianza Windows upya. Katika “Settings” kuna sehemu ya “Recovery”, na humo mna “Reset this PC”. Ukichagua “Keep my files” itaziondoa programu ulizoziweka na kuacha mafaili yako, lakini usiifanye bila ya ile nakala tuliyoanza nayo. Programu zako za kazi itabidi uziweke tena, kwa hivyo andika majina yake katika karatasi kabla. Na maneno ya siri uyabadilishe yote, ukitumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama. Ukiyabadilisha ndani ya kompyuta mgonjwa kabla haijapona, umempa mwizi yale mapya.

Ikiwa ni yale mashambulizi yanayoyafunga mafaili na kudai fedha, ikate kompyuta katika intaneti upesi, chomoa flashi zote, na usifute kitu. Mafaili yaliyofungwa yawekwe kama yalivyo, maana wakati mwingine funguo hupatikana baadaye. Mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na Europol, polisi ya Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za namna nyingi za mashambulizi hayo.

Unapompa fundi kompyuta, mwambie kwa maneno yaliyo wazi ya kuwa asifute wala asiweke Windows mpya mpaka akuulize, na umwandikie ni folda zipi zenye hesabu. Muulize pia ataweka Windows gani. Fundi ambaye jibu lake la kwanza kwa kila tatizo ni kufuta yote, na jibu lake la pili ni kukuwekea programu zilizovunjwa kufuli, atakurudishia kompyuta nyepesi kwa mwezi mmoja.

Kabla ya msimu kuanza na majamvi kuanikwa, wanachama wenye kompyuta zinazosumbua waweza kuja nazo ofisini kwa chama asubuhi za siku za kazi. Mje na waya wa umeme wa mashine, flashi tupu yenye nafasi ya kutosha, na neno la siri la kufungulia kompyuta. Wale ambao kompyuta zao hutumiwa na watoto wa skuli wawalete na watoto wenyewe, kwani mara nyingi wao ndio wanaojua ni siku gani kitu fulani kiliwekwa, na kilitoka wapi.